Kaunta ya Duka la Sahani: Wanunuzi wa Kitale na Bungoma katika Historia ya Wimbo wa Kiswahili

Historia ya wimbo wa Kiswahili katika bara ya Kenya imezoea kuandikwa kutoka upande wa studio. John Low, katika utafiti wake wa mwaka 1982 kuhusu gita la Kenya, aliwafuata wapigaji na mitindo yao ya vidole. Roger Wallis na Krister Malm, miaka miwili baadaye, walizifuata kampuni na fedha zake. Wahakiki wa fasihi nao, pale walipokubali kwamba wimbo wa gita ni matini inayostahili kuhakikiwa, walimfuata mtunzi na dhamira zake. Aliyebaki kizani kwa kiasi kikubwa ni yule mtu aliyesimama mbele ya kaunta ya duka, akaomba sahani ya santuri ipigwe, akaisikiliza hadi mwisho au akatikisa kichwa katikati, ndipo akafungua fundo la leso akatoa pesa au akaondoka zake. Hoja ya makala haya ni kwamba mtu huyo alikuwa mhakiki, na kwamba uamuzi wake, uliorudiwa mara nyingi katika miji iliyo mbali na Nairobi, umeacha alama katika fani ya wimbo wenyewe. Kitale na Bungoma zinafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya wakazi wake wengi, na hata hivyo wimbo wa Kiswahili ulipata huko wasikilizaji waaminifu.

Miji yote miwili ni mazao ya reli. Njia kuu iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret hadi Uganda ilipita Bungoma na kufika Kampala mwaka 1931. Tawi la kwenda Kitale lilikuwa limekamilika mwaka 1926, kwa faida ya walowezi waliolima mahindi ya Trans Nzoia. Mashamba hayo yaliwavuta vibarua kutoka pande zote: Wabukusu waliokuwa wakirudi, kwa mtazamo wao, katika ardhi waliyonyang'anywa, Waluhya wa kusini kutoka Maragoli na Bunyore ambako mashamba yalikuwa yamebana, Wajaluo, Waturkana, Wapokot na wengineo. Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa au kununuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya wanunuzi wa ardhi, na mji ukabaki na uti wake wa mgongo wa kilimo, ikiwemo Kampuni ya Mbegu ya Kenya iliyoanzishwa huko mwaka 1956. Upande wa Bungoma, miaka ya 1970 ilileta kiwanda cha karatasi cha Webuye na kiwanda cha sukari cha Nzoia. Kwa historia ya muziki, jambo la maana katika haya yote ni mshahara. Mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, hata ukiwa mdogo, ni mtu anayeweza kununua wimbo.

Wimbo ulikuwa umekwisha kuwa bidhaa zamani. Siti binti Saad alisafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zake zikaenea katika pwani yote. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia biashara hiyo ilihamia Nairobi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 lebo zilikuwa nyingi. Maduka yaliyouza sahani hizo katika miji ya bara mara nyingi yalikuwa ya Wahindi, na aghalabu hayakuuza sahani peke yake: baiskeli, cherehani, taa, betri na gramafoni vilikaa rafu moja. Baadhi ya wauzaji walivuka kaunta wakawa wazalishaji. Assanand & Sons wa Mombasa walikuwa na lebo ya Mzuri; Melodica ilifunguliwa Nairobi mwaka 1971 na ikatoa sahani zake yenyewe; David Amunga, mwimbaji kutoka magharibi, alianzisha Mwangaza Music Store na kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kumiliki lebo. Joseph Kamaru na Phares Oluoch Kanindo walifuata njia iyo hiyo kwa lugha zao. Mfano ulio karibu zaidi na Kitale na Bungoma ni wa A. P. Chandarana wa Kericho, aliyekuwa na duka na studio katika mji wa majani chai, ambapo mashamba yaliwakusanya wafanyakazi wa Kipsigis, Kijaluo, Kiluhya na Kisii. Chandarana hakuhitaji kwenda mbali kujua watu wanataka nini. Walikuwa wakimwambia mbele ya kaunta kila mwisho wa mwezi, na studio ilikuwa yake.

Hapa ndipo neno 'kujitegemea' lina uzito. Muuzaji aliyekuwa chini ya kampuni kubwa alipokea orodha iliyokwisha kuamuliwa. Muuzaji wa kujitegemea aliagiza sahani chache za kila wimbo, akasikiliza malalamiko, akaagiza tena au akaacha. Kitale na Bungoma zilikuwa mwisho wa mnyororo huo, na mwisho wa mnyororo si mahali pa unyonge kama inavyodhaniwa, kwani sahani isiyotoka dukani ilirudi Nairobi kama habari mbaya.

Duka lenyewe lilikuwa na hadhira mbili. Ya kwanza ilikuwa ndani, ya wanunuzi. Ya pili ilikuwa barazani, nayo ilikuwa kubwa zaidi: kipaza sauti kilichoning'inizwa juu ya mlango kilipeleka wimbo hadi stendi ya mabasi na sokoni, na waliosimama chini yake hawakudaiwa chochote. Wengi wa hawa hawakuwa na gramafoni, na bei ya sahani moja haikuwa ndogo kwa kibarua wa shamba. Lakini walizijua nyimbo, walizibishania, na wakati wa mavuno walipochangiana kununua gramafoni ndogo ya betri, tayari walikuwa na orodha kichwani. Nadharia ya upokezi, kama ilivyofundishwa katika idara za fasihi tangu Hans Robert Jauss, huzungumzia 'upeo wa matarajio' wa msomaji. Upeo huo ni vigumu sana kuuona katika historia ya kitabu, maana msomaji husoma peke yake na kunyamaza. Barazani mwa duka la sahani ulisikika waziwazi.

Mnunuzi alipoingia, mara nyingi hakuwa na jina la wimbo wala la mwimbaji. Alikuwa na mstari mmoja aliousikia katika redio ya Sauti ya Kenya, au kiitikio cha kuunguruma tu, au kisa: 'ule wa msichana aliyesoma', 'ule wa yule aliyeachwa na mkewe'. Kazi ya muuzaji ilikuwa kuubadilisha mstari huo uwe namba ya sahani. Ni kazi ambayo kwingineko ingeitwa ya mkutubi. Jambo la kuzingatia kifasihi ni kwamba mnunuzi aliutambua wimbo kwa kisa chake, na si kwa mtindo wake wa dansi. Wimbo usioweza kusimuliwa kwa sentensi moja ulikuwa mgumu kuombwa.

Hapo ndipo fani inapoanza kueleweka. Nyimbo za gita kavu za magharibi ya Kenya, zile zilizoitwa omutibo, zilitungwa kwa sehemu kubwa na Waluhya, na nyingi kati ya zile zilizovuma zilikuwa za Kiswahili. George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963 akiwa angali kijana, John Mwale, na Shem Tube na wenzake wa Abana ba Nasery, wote walikuwa na lugha zao za kwanza ambazo zingewatosha nyumbani. Wahakiki wamekuwa wepesi kueleza uteuzi wao wa Kiswahili kwa utaifa wa miaka ya uhuru. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayaelezi kwa nini Kiswahili chao kiko vile kilivyo: sentensi fupi, mhusika anayetajwa mapema, maneno anayoambiwa mtu ana kwa ana, fumbo linalofumbuliwa kabla ya ubeti kwisha. Kiswahili hicho ni cha mtu anayezungumza na asiyekuwa wa kabila lake, na anayejua kwamba atakayemsikia anasikiliza katikati ya kelele za stendi. Chupa ya soda iliyopigwa kando ya gita iliyashika mapigo. Maneno yalilazimika kupenya juu yake.

Daudi Kabaka ndiye aliyeifikisha fani hii mbali zaidi. 'Msichana wa Elimu' ni tamthilia ndogo yenye wahusika wawili na tatizo moja, na inakwisha ndani ya muda ambao sahani iliruhusu. Muda huo ulikuwa kama dakika 3 kwa upande. Mtunzi wa utenzi wa pwani alikuwa na beti mamia. Kabaka alikuwa na dakika hizo tatu, na humo alitakiwa kuanzisha, kutatiza na kuacha. Haikuwa ajabu kwamba wimbo wake mwingine, 'Helule Helule', uliimbwa upya na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968 na ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana huko. Ajabu ni kwamba tukio hilo hutajwa kama kilele cha kazi yake, kana kwamba wanunuzi wa Uingereza walikuwa na sikio kali kuliko wale wa Kakamega na Bungoma.

Sahani ina pande mbili, na hili pia ni jambo la fani. Kadiri sahani ndogo za mizunguko 45 zilivyoenea, bendi zilianza kuugawa wimbo mmoja: upande wa kwanza ukabeba kisa, upande wa pili ukabeba magita na mwito wa kucheza, mara nyingi pamoja na majina ya watu waliotajwa kwa sifa au shukrani. Mgawanyo huu ulimpa mnunuzi uwezo ambao msomaji wa kitabu hana: kuutenga usimulizi na ngoma. Mwenye baa aligeuza sahani haraka. Mwalimu wa shule ya msingi, akiwa nyumbani kwake jioni, huenda hakuigeuza kabisa. Matini ni moja. Wasomaji wawili wakaisoma kama kazi mbili.

Rafu za duka zilipangwa kwa lugha, kwa kufuata lebo za sahani, na mpango huo haukuwa wa bure. Chini ya neno 'Luhya' ziliwekwa pamoja Lubukusu, Lulogooli, Lunyore na Kikabras, ingawa mzee wa Kimilili angeweza kumsikiliza Sukuma bin Ongaro, mwimbaji wa benga wa Kabras, akafurahia kejeli zake na bado akasema kwamba huyu si wa kwetu. Jina 'Abaluyia' lenyewe lilianza kushika katika miaka ya 1930 na 1940 kama mradi wa kisiasa. Lebo ya sahani ilisaidia kuufanya mradi huo uonekane kama jambo la kawaida, kwa njia nyepesi ya kuwaweka watu wote hao katika sanduku moja la mbao. 'Kiswahili', kwa upande wake, lilikuwa sanduku lisilo na mwenyewe, na kwa hiyo kila mtu alilipekua.

Sanduku hilo lilikuwa na Viswahili vingi. Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952 na aliyekuja Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, aliimba Kiswahili cha Katanga, chenye upatanisho wa kisarufi ambao mwalimu yeyote angeutia wino mwekundu. Mbaraka Mwinshehe, hadi alipofariki Mombasa Januari 1979, alileta Kiswahili cha Morogoro. Ndugu wa Kinyonga, waliotoka Tanga na kuingia Kenya mwaka 1971 na Simba Wanyika, na baada yao Les Wanyika iliyozaliwa mwaka 1978, walileta kile ambacho wasikilizaji wa bara walikisifu kuwa 'Kiswahili chenyewe'. Super Mazembe walikuja kutoka Zaire mwaka 1974 na kuchanganya Kiswahili na Kilingala. Kutoka Mombasa kulikuja taarabu, iliyopendwa na wachache. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe hadi mwaka 1983, sauti za Kitanzania ziliendelea kusikika Bungoma kwa sababu sahani zilikuwa zikitengenezwa Nairobi na wanamuziki wengi walikuwa tayari upande huu. Inafaa pia kukumbuka kwamba Kiswahili hakikuwa somo la lazima la mtihani katika shule za Kenya hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Kwa kizazi kizima cha vijana wa Trans Nzoia, mwalimu wa kwanza wa Kiswahili kilichopangwa kwa ufundi alikuwa sindano ya gramafoni. Mjadala mkali wa wanamapokeo na wanausasa kuhusu mashairi huru, uliotawala kurasa za uhakiki katika miaka ya 1970 na 1980, ulipita juu ya vichwa vya wasikilizaji hawa bila kuwagusa. Wao walikuwa wamekwisha kukubali mashairi yasiyo na vina kamili, wakayanunua.

Kuna pingamizi linalopaswa kujibiwa. Theodor Adorno alidai mwaka 1938 kwamba msikilizaji wa muziki wa kibiashara amerudi utotoni: anadhani anachagua, kumbe anatambua tu alichokwisha kuzoeshwa. Hoja hii ikiletwa Bungoma, itasema kwamba anayeitwa mhakiki hapa alikuwa mlaji tu, na kwamba faida ya mwenye lebo ndiyo iliyochagua. Haiwezi kukataliwa yote. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966 ilikuwapo, lakini watunzi wengi waliuza nyimbo zao kwa malipo ya mara moja, na ugomvi wa miaka mingi kuhusu nani alitunga 'Malaika' unaonyesha jinsi jina kwenye lebo lilivyokuwa ushahidi dhaifu wa utunzi. Hata hivyo Adorno aliwazia msikilizaji wa tasnia kubwa, aliye peke yake mbele ya redio. Msikilizaji wa barazani alikuwa na majirani. Alikuwa pia ametoka katika jamii zenye vigezo vyake vya usemi bora, na vigezo hivyo alikuja navyo dukani.

Ni hapo hapo pia ambapo hasara kubwa inaonekana. Wabukusu wana utanzu wa khuswala kumuse, hotuba ya mfariji wa hadhara inayotolewa baada ya mazishi ya mzee, ambapo msemaji husimama mbele ya waombolezaji na kupitia nasaba, vita, mafumbo na maonyo kwa saa nyingi. Wana pia waimbaji wa litungu, ambao wimbo wao hukua kadiri usiku unavyokwenda na kadiri wasikilizaji wanavyojibu. Tanzu hizi hazikuwa na nafasi katika dakika 3. Litungu iliingia katika sahani ikiwa imekatwa, mfano wa litungu badala ya litungu. Kumuse haikuingia kabisa. Kwa hiyo duka lililompa msikilizaji mamlaka juu ya wimbo wa gita ndilo hilo hilo lililomzoesha, bila kukusudia, kwamba sanaa ya neno ni kitu chenye mwanzo na mwisho vinavyosikika kabla basi halijaondoka. Wahakiki wanaosifu ufupi wa wimbo wa miaka ya 1960 kama ufundi mtupu wangefaa kujiuliza ni tungo gani zilizonyimwa nafasi na ufupi huo.

Kaseti ilibadilisha yote mawili. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mashine za kunakili zilisambaa, na mtu aliyekuwa akinunua nyimbo mbili kwa bei ya sahani sasa alipata kumi na mbili katika kanda isiyo halali. Kampuni za kimataifa zilizokuwa Nairobi zilianza kupunguza shughuli au kuondoka. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kuupa muziki wa nyumbani sehemu kubwa ya muda wake, lakini agizo hilo halikudumu, wala halingeweza kuliokoa duka ambalo wateja wake walikuwa wakihudumiwa kando ya barabara na mtu mwenye redio mbili na waya. Chama cha Hakimiliki ya Muziki cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1983, kilizaliwa maji yakiwa yamekwisha kufika shingoni. Lakini kanda ilikuwa na dakika 60 au 90. Hotuba ya mfariji na litungu la usiku, ambavyo sahani ilivikataa, sasa viliweza kurekodiwa na kupitishwa kutoka nyumba hadi nyumba. Kifo cha duka kilikuwa, kwa tanzu hizi, mwanzo wa maisha ya aina nyingine, na historia yoyote inayoomboleza sahani bila kulitaja jambo hili inaomboleza nusu.

Sahani zenyewe zilitawanyika. Baadhi zilivunjika, baadhi zilipindika kwa joto la mabati. Mapigano ya kikabila ya miaka ya 1991 hadi 1993, yaliyowagusa watu wengi wa Trans Nzoia na mitelemko ya Mlima Elgon, yaliteketeza nyumba nyingi, na anayekimbia nyumba inayoungua hachukui sahani. Zilizosalia zilianza kutafutwa na wageni. GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyo wa Abana ba Nasery mwaka 1989. Mwaka 2017 nyimbo za Mukabi zilitolewa Marekani katika mkusanyo ulioitwa 'Furaha Wenye Gita'. Nchini, Ketebul Music ya Nairobi ilianza tangu mwaka 2007 kuwatafuta wanamuziki wakongwe, na James Rugami alikuwa ameshafungua kibanda chake cha sahani kuukuu katika soko la Kenyatta mwaka 1989, wakati ambapo wengine walikuwa wakizitupa.

Mikusanyo hii husafisha sauti. Hiyo ni kazi njema kwa sikio, na ni hasara kwa mwanahistoria wa upokezi, kwani mikwaruzo ni maandishi. Sahani ndogo iliyotoka katika nyumba ya bara huwa na jina la mwenyewe lililoandikwa kwa kalamu juu ya lebo, mara nyingine pamoja na jina la shule au sanduku la posta, na mara nyingine jina la pili chini ya la kwanza lililokatwa, ishara kwamba ilibadilisha mikono. Mifereji ya upande mmoja huwa imelika kuliko ya upande wa pili, na katika upande huo pana mahali ambapo sindano ilirudishwa tena na tena, kwa mkono, na mtu aliyetaka kusikia ubeti uleule kabla ya kuendelea. Mahali hapo panaweza kupimwa kwa rula, na panaweza kulinganishwa kutoka sahani moja hadi nyingine ya wimbo uleule, maadamu bado zipo katika masanduku ya chini ya vitanda kati ya Kimilili na Kitale.